Mwanangu anapooza, akilala anaamka mzima

Shikamoo Dada,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuifuta, maana kila nikiisoma naona kama natunga. Nina mtoto wa kiume wa miezi 15.

Kilichoanza ni jicho. Akiwa na miezi 3, jicho la kulia lilikuwa likicheza peke yake, linakimbilia pembeni na kurudi, na lile jingine limetulia tuli. Dakika mbili tatu, basi. Niliambiwa macho ya watoto wachanga bado hayajatulia, nikarudi nyumbani na amani yangu. Miezi 7 akaanza kukakamaa: anajipinda mgongo, mkono mmoja umenyooka kama mti, uso umepauka, halafu analegea na kulia. Tukasema degedege, ingawa hakuwa na homa.

Alipofika miezi 10 mkono wa kushoto ukafa. Nasema ukafa kwa kukosa neno jingine. Nilikuwa nimemtoa kwenye beseni, namfuta maji. Nikauinua mkono niupitishe kwenye shati, nikauachia, ukadondoka kama kitambaa kilicholowa. Mguu wa upande huohuo nao vilevile. Mate yanamtoka pembe moja ya mdomo. Lakini ananitazama, ananijua, nikimwita anageuka. Nikambeba nikatoka mbio. Njiani akalala. Tulipofika kwa daktari akaamka, akaunyoosha mkono uleule na kumvua daktari miwani. Daktari akacheka. Mimi nikaona aibu.

Tangu hapo imerudi labda mara ishirini. Pengine nusu saa, pengine kutwa nzima. Mara mbili imemshika siku tatu mfululizo: asubuhi anaamka mzima, anacheza kama robo saa, kisha mkono unalegea nikiwa nautazama. Siku moja alilegea mwili mzima, pande zote mbili. Nikamnywesha maziwa kwa kijiko apate nguvu, akapaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Sijawahi kuogopa vile.

Kipimo cha umeme wa ubongo kilitoka safi. Akaandikiwa dawa ya kifafa, huu ni mwezi wa nne anakunywa na sioni tofauti. Baba yake anasema nikiacha kumchunguza sana itaacha yenyewe. Mama mkwe anasema namlaza vibaya, anaulalia mkono. Nilimjibu ovyo, na najuta, lakini ni yeye huyohuyo aliyeniambia wiki chache kabla, "Mbona leo ni wa kulia? Si ulikuwa wa kushoto?" Sasa anaoulalia ni upi?

Hatembei bado. Anakaa, anajiburuta. Na nimeanza kuogopa kumwogesha. Hiki ni nini, Dada? Na kama kinaondoka kwa usingizi, nimlaze tu kila kikija?

Mama anayetazama mikono

*

Marahaba, mdogo wangu.

Hutungi. Katika barua yako kuna maneno mawili uliyoyapita mbio, "njiani akalala", na mimi ndipo niliposimama. Kiharusi hakiondoki mtoto akisinzia. Mshipa uliobanwa na ubavu huuma na kufa ganzi, lakini hauhamii upande wa pili wiki inayofuata. Kupooza kunakohama kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mtoto aliyeanza kabla hajatimiza mwaka, na ambako hufutwa na usingizi, kuna jina lake.

Kabla sijalitaja, niseme na wasomaji wengine, maana najua kuna mzazi atakayesoma hapa kisha mtoto wake apooze kesho. Mtoto akilegea upande mmoja kwa mara ya kwanza, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa kiharusi, hasa kwa mwenye selimundu. Inaweza kuwa uambukizo ndani ya kichwa, au damu iliyovuja baada ya kuanguka. Usimlaze ili uone kama itaondoka. Mkimbize hospitali. Mama huyu alifanya hivyo siku ya kwanza, na alifanya sawa kabisa, hata kama daktari alicheka.

Sasa jina. Madaktari huuandika AHC, kifupi cha Kiingereza cha alternating hemiplegia of childhood. Kwa Kiswahili naweza kuuita upoozaji wa kupokezana wa utotoni. Ulielezwa mwaka 1971 na madaktari wawili, Verret na Steele, waliokusanya habari za watoto 8 na kudhani ni aina ya kipandauso kilichoanza mapema, utotoni. Ni nadra mno: hukadiriwa mtoto 1 katika milioni 1. Kwa hiyo daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi mpaka anastaafu asimwone hata mmoja, na ndiyo maana sina haja ya kumlaumu huyo wa miwani.

Mimi siwezi kumpima mtoto kwa barua. Naweza kukwambia ni kwa nini naufikiria ugonjwa huu kabla ya mingine. Huanza kabla ya miezi 18. Mara nyingi hauanzi na mkono. Huanza na jicho moja linalocheza peke yake, au kukakamaa kunakofanana na degedege, na watu hukumbuka jambo hilo baadaye sana, kama wewe ulivyolikumbuka. Kisha kunakuja kupooza, leo upande huu, kesho ule, na siku nyingine pande zote mbili kwa pamoja. Kunadumu dakika, saa au siku. Fahamu mara nyingi zipo, mtoto anakujua. Akilala usingizi wa kweli, dalili zinaondoka. Na hilo ulilolieleza la robo saa ya uzima asubuhi kabla mkono haujalegea tena, lipo vitabuni karibu kama ulivyoliandika: ikiwa shambulio lilikuwa refu, linaweza kurudi dakika 10 hadi 20 baada ya kuamka. Hukulisoma popote. Uliliona.

Kwa nini usingizi? Kwa undani wake jambo hilo bado linatafitiwa. Chanzo kinajulikana zaidi. Mwaka 2012 watafiti waligundua kuwa wagonjwa wengi, zaidi ya 7 kati ya 10, wana hitilafu kwenye jeni iitwayo ATP1A3. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya pampu iliyo kwenye ukuta wa seli za ubongo, inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, mchana na usiku bila kupumzika. Bila tofauti hiyo ya chumvi ndani na nje, seli haiwezi kupeleka ujumbe sawasawa. Pampu ikiwa dhaifu, ubongo unajiendesha vizuri mpaka utakaposukumwa na kitu: uchovu, msisimko, maji.

Na kwa watoto walio wengi hitilafu hiyo ni mpya, haimo kwa baba wala kwa mama. Ilitokea mimba ilipotungwa. Siyo ulivyomlaza, siyo ulichokula ukiwa mjamzito, wala siyo "kumchunguza sana".

Lakini yapo mengine yanayofanana nayo, na daktari lazima ayapitie. Kifafa chenyewe ndicho cha kwanza, na hapa nakuomba unisikilize vizuri: karibu nusu ya watoto wenye AHC wana kifafa pia. Kwa hiyo dawa aliyoandikiwa usiiache kwa sababu ya barua yangu. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta mshtuko mkubwa kuliko ule uliokuwa unautibu. Peleka swali lako kwa aliyeiandika. Kisha kuna mishipa ya damu ya kichwani, inayohitaji kipimo cha MRI na mishipa yenyewe iangaliwe. Kuna pia ugonjwa ambao sukari haivuki vizuri kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Watoto hao huwa wabaya zaidi wakiwa na njaa, hujulikana kwa kupima maji ya uti wa mgongo, na tiba yake ni mlo maalumu wenye mafuta mengi, tofauti kabisa na hii. Ndiyo maana nataka uandike alikula saa ngapi.

Picha na umeme wa ubongo vikitoka safi, usikubali kuambiwa "basi hana kitu". Katika AHC mara nyingi vinatoka safi, hasa vikifanywa mtoto akiwa mzima. Jeni hupimwa kwa damu au mate. Ikionekana, imethibitisha, isipoonekana, haijafuta, na daktari atarudi kwenye dalili zenyewe.

Tatizo lako halisi, nionavyo mimi, ni kwamba ugonjwa huu hufutika kabla ya kufika mlangoni kwa daktari. Dawa ya hilo ni simu yako. Ikianza, mrekodi. Usirekodi mkono peke yake. Anza na uso, umwite jina lake, ionekane anageuka. Sogea karibu na macho, jicho moja baada ya jingine, sekunde kumi kila moja. Inua mkono wa kulia uuachie, inua wa kushoto uuachie. Mpe kitu anachokipenda upande ulio mzima, kisha upande uliolegea. Sema kwa sauti saa na tarehe. Dakika mbili zinatosha. Halafu, na watu wengi husahau hili, mrekodi tena akiamka, akishika kitu kilekile kwa mkono uleule. Video hizo mbili zikiwa pamoja, hakuna atakayecheka.

Pamoja na video, daftari. Huhitaji ufasaha. "Jumanne, saa 4 asubuhi, baada ya kuoga, kushoto, mkono na mguu, kameza mate sawa. Kala saa 1. Kalala saa 6, kaamka saa 7 mzima. Saa 7 na robo mkono umelegea tena." Mistari ya namna hiyo kwa wiki nne ni kipimo ambacho hospitali haiwezi kukufanyia. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ya watoto, uende na daftari na simu, na maneno ya kwanza yawe haya: anapooza pande kwa kupokezana na anapona akilala. Visa vya jicho na degedege vifuate baadaye.

Uliuliza umlaze kila ikija. Ndiyo, ikiwa madaktari wameshamwona na unaijua sura ya hali yake ya kawaida. Chumba kiwe na utulivu, mwanga hafifu, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Usimtikise wala kumkanda kwa nguvu. Wapo watoto ambao hali hiyohiyo huwazuia kusinzia, na kwa hao madaktari huandika dawa ya kuleta usingizi, kwa mfano melatonini, au midazolamu inayowekwa ndani ya shavu. Hiyo ya mwisho inaweza kupunguza upumuaji, kwa hiyo kipimo chake kinapangwa na daktari, na siyo kitu cha kuazimana.

Kijiko cha maziwa kisirudiwe tena. Nalisema hili kwa ukali kidogo, unisamehe. Mtoto aliyelegea pande zote mbili anaweza kushindwa kumeza, na kinachokwenda mapafuni ndicho kinachoua, kuliko kupooza kwenyewe. Usimpe chochote mdomoni mpaka umwone anameza mate yake mwenyewe bila kukohoa. Ikiwa ni ndefu, subiri ile robo saa yake ya uzima baada ya kuamka: hiyo ndiyo nafasi ya kumlisha, kumnywesha na kumpa dawa zake. Wazazi wa watoto hawa huishi kwa robo saa hizo, chakula kimeshaandaliwa kabla mtoto hajafumbua macho.

Mkimbize hospitali bila kungoja akipumua kwa shida au midomo ikibadilika rangi. Akitingishika na kupoteza fahamu kwa zaidi ya dakika 5. Akiwa na homa pamoja na shingo kukakamaa. Ikiwa ni siku nzima hajaweza kunywa. Au ikiwa hali ni tofauti na unayoijua. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Watoto wenye AHC nao huanguka, nao huugua malaria na homa ya uti wa mgongo, na kila mtu nyumbani akiwa amezoea kusema "ni ile yake" ndipo jambo jipya linapopita.

Kuhusu kuoga. Maji ni kichochezi kinachojulikana, pamoja na joto kali au baridi, mwanga mkali, kelele, uchovu, furaha nyingi na kilio kirefu. Huwezi kuviondoa vyote, na mtoto aliyefichwa asicheke wala asilowe atakuwa amenyimwa utoto kwa ajili ya mkono. Ila kuna ujanja. Maji yawe ya uvuguvugu, karibu na joto la mwili. Umlowanishe taratibu kuanzia miguuni, usimzamishe. Na umwogeshe kabla ya usingizi wake wa mchana, ili ikimjia kitanda kiwe karibu. Siku aliyochoka au iliyotanguliwa na usiku mbaya, mfute kwa kitambaa, yaishe.

Dawa inayotumika zaidi kuzuia ni flunarizini, ambayo watu wazima hupewa kwa kipandauso. Haiponyi. Kwa watoto wengine hupunguza urefu au ukali wa mashambulizi, kwa wengine idadi, na kwa wengine haifanyi kitu. Huleta usingizi na kunenepa, na mara chache mwili kuwa mzito na kutetemeka. Ukiona hayo, sema. Ikianza kutumika isikatwe ghafla. Mwombe pia daktari ampime moyo kwa ECG, kwa sababu pampu hiyohiyo ipo kwenye moyo, na baadhi ya watoto hawa mapigo yao hayaendi sawa.

Nisikufiche kuhusu kutembea. Ugonjwa huu hauishii kwenye mashambulizi. Watoto wengi huchelewa kukaa, kutembea na kusema, wengine kidogo, wengine sana, na baadhi hubaki na mwendo wa kuyumba au mikono inayojipinda hata siku wanazoonekana wazima. Haina tiba ya kuiondoa kwa sasa. Lakini kungoja mpaka majibu ya jeni yatoke ndipo aanze mazoezi ni kupoteza miezi ambayo ubongo wake unajifunza kwa kasi. Aanze sasa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wa kumeza na kuongea. Umwambie mtaalamu mapema kwamba kuna siku atakuja hawezi kitu alichokiweza juzi, asiandike kuwa amerudi nyuma. Mpangieni mazoezi mafupi, saa ambazo daftari linaonyesha yuko vizuri.

Andika karatasi moja, uibandike ukutani na nakala ukae nayo kwenye mkoba: jina la hali yake inayodhaniwa, dawa anazokunywa na vipimo vyake, asilishwe akiwa amelegea, alazwe kwa ubavu, na lini akimbizwe hospitali. Baba yake naye aisome. Mwachie mtoto siku nzima ya Jumapili na daftari mkononi mwake, wewe uende ukalale. Sikwambii umkomeshe. Mtu hubishana na simulizi, ni vigumu kubishana na mkono alioushika mwenyewe ukadondoka.

Na mama mkwe. La kuulalia mkono alikosea. Lakini soma tena barua yako: katika nyumba nzima, na kliniki ukijumlisha, ni yeye wa kwanza kuona kwamba upande umebadilika. Bila jicho lake pengine wote mngeendelea kusema "ule mkono wake". Mwombe radhi kwa jibu ulilompa, kisha mwombe jambo moja: siku ya rufaa muende wote, na daktari akiuliza ni upande upi, umwachie yeye ajibu.